Watoto wawili wa paka kutoka mwaloni Igombe, mmoja hatoki uvunguni

MamaDagaa wa Bugarika
Jumapili, saa 3 usiku

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Naomba msaada wa mtu aliyefuga paka kwa mikono yake. Jana nimeleta nyumbani watoto wawili wa paka. Mimi nauza dagaa rejareja, kila Jumamosi nafuata mzigo Igombe hapa Mwanza, pale mwaloni wavuvi wanaposhusha samaki, na mama mmoja ninayenunua kwake, paka wake alizalia nyuma ya chanja za kuanikia. Walikuwa wanne, wawili wakapata wa kuwachukua. Akaniambia, "Mdogo wangu, beba hawa waliobaki, mbwa wa hapa mwaloni wameshaanza kuwatolea macho." Kwangu panya wananitobolea magunia tangu mwezi wa sita, nikaona Mungu kanijibu. Nikawatia kwenye boksi la sabuni, nikalitoboa matundu, nikapanda nalo daladala hadi mjini, kisha bodaboda mpaka juu kwangu.

Mwenyewe anasema walizaliwa wiki ile shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, kwa hiyo ni kama wiki nane sasa. Mmoja ana mistari ya kijivu na kahawia, watoto wamemwita Furu. Mwingine ni mweusi mtupu, hana hata unywele mweupe, huyo ndiye Mkaa.

Nadhani nilianza kukosea pale pale mlangoni. Nilifungua boksi katikati ya sebule, na watoto wa wapangaji wenzangu wote walikuwa wameshajaa, maana habari ilitangulia kabla bodaboda haijazima. Mkaa aliruka, akazunguka ukuta mzima, akaingia uvunguni mwa kabati la vyombo. Nikajaribu kumtoa kwa mpini wa ufagio. Alitunisha manyoya akatoa sauti kama mafuta ya moto yakidondokewa na maji. Kitinda mimba wangu, ana miaka mitano, akapenyeza mkono amshike, akakwaruzwa mkononi, damu kidogo. Nilimwosha na maji tu nikampaka mafuta ya nazi.

Tangu hapo Mkaa hajatoka, au labda anatoka usiku sisi tukiwa tumelala. Furu yeye anatembea, anakula, lakini usiku kucha wanaitana. Sijalala. Na asubuhi nimekuta mmoja wao kakojoa juu ya gunia la dagaa. Nimewapa maziwa ya ng'ombe fresh ya nusu lita, Furu kayamaliza na sasa anaharisha.

Nina vyumba viwili na sebule, na kastoo kadogo ka mzigo. Nyuma ya nyumba ni mawe, mnayajua mawe yetu ya mlimani yalivyopandana, ukipotelea humo hakuna wa kukutoa. Nifanyeje huyu Mkaa azoee? Au nimrudishe kwa mama yake? Roho inaniuma nikimwona yale macho mawili gizani.

Bibi wa Nyegezi
Jumapili, saa 4 usiku

Mwanangu, usimrudishe. Huyo hana tatizo lolote, ana hofu, na hofu yake ina haki kabisa. Jaribu kuona alichopitia jana. Asubuhi alikuwa na mama, ndugu, harufu ya ziwa na samaki. Mchana yuko gizani ndani ya boksi linalotikisika. Jioni boksi linafunguliwa, juu yake vichwa kumi vinapiga kelele. Wewe ungeingia wapi?

Nimefuga paka tangu nikiwa binti kule Magu, na hapa Nyegezi sijakaa mwaka bila paka. Jambo moja nalirudia kwa kila anayeniuliza: nyumba ni kubwa mno kwa mtoto wa paka. Ipunguze. Mpe pembe moja kwanza, aijue kwa pua yake, halafu yeye mwenyewe ndiye atakayekuomba nyingine.

Kwa hiyo chagua chumba chako cha kulala, siyo sebule wanakopita watu, wala siyo stoo. Laza lile lile boksi la sabuni ubavu, mdomo utazame ukutani kidogo. Usilitupe hilo boksi, ndilo kitu pekee humo ndani chenye harufu wanayoijua. Tandika ndani yake khanga uliyoivaa leo, usiifue. Waweke wote wawili humo, usiwatenganishe. Furu ndiye atakayemfundisha Mkaa kuliko wewe na mimi.

Namna ya kumtoa uvunguni: usimtoe. Ondoa watu wote sebuleni, funga milango ya nje, acha wazi mlango wa chumba chako tu. Weka chakula chenye harufu mlangoni mwa chumba, na Furu awe ndani. Zima taa, ingia kitandani. Kilio cha ndugu yake kitamvuta. Ukisikia wote wawili wako chumbani, sukuma mlango taratibu. Ufagio urudi jikoni na usitumike tena kwa kazi hiyo, maana kila ukimchokoa unamfundisha kwamba mkono wa mtu ni kitu cha kukimbiwa.

Kuhusu mkojo kwenye gunia, wala usimchape. Hawa wamezaliwa juu ya mchanga wa ufukweni, mama yao kawafundisha kuchimba na kufukia. Kwako wamekuta sakafu ya saruji. Sasa wachimbe nini? Gunia lina harufu ya kwao na linachimbika. Chukua dumu la lita kumi la plastiki, likate kwa urefu ubaki na kina cha vidole vinne hivi ili waweze kupanda, jaza mchanga mkavu. Kama unaweza kupata ndoo moja ya mchanga wa Igombe wenyewe, usifikirie mara mbili. Liweke pembe ya mbali na chakula, paka hapendi kujisaidia mahali anapolia chakula. Kila wakimaliza kula au wakiamka, wabebe uwaweke juu ya mchanga, ukwangue kidogo kwa kidole chako. Siku mbili zinatosha. Mchanga ukichafuka toa uchafu siku hiyo hiyo, ukinuka watarudi kwenye gunia.

Usiku jaza chupa ya plastiki maji ya uvuguvugu, izungushie kitambaa, iweke kwenye boksi. Wanalilia joto la mama.

Halafu kila jioni kaa chini sakafuni, siyo kitini. Kaa upande, usimkazie macho. Fanya kazi yako ya mikono, chambua mchele, shona, chochote. Akikutazama, fumba macho polepole ufumbue. Kwa paka hiyo ni salamu ya amani. Usimfuate. Ukimfuata hatua moja anarudi nyuma kumi.

Mstaafu wa Mifugo
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Nimefanya kazi ya mifugo kanda hii miaka mingi, sasa nimestaafu. Bibi amesema vizuri na sina la kumwongezea kwenye tabia. Mimi nina mambo ya afya, na lile la kwanza halingoji.

Mama, mtoto aliyekwaruzwa. Mwoshe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, tazama saa. Kisha mpeleke kituo cha afya leo hii, ueleze ni paka mdogo wa kutoka mwaloni kwenye mbwa wengi na hajachanjwa. Wao ndio wataamua kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu jina lake linawapotosha watu, paka naye anaubeba, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Sisemi Mkaa anao, uwezekano ni mdogo. Ila huyu ni mtoto, na hiyo siyo bahati ya kuichezea. Mafuta ya nazi hapana. Mkaa naye mwangalie kwa siku kumi, asitoke.

La pili, maziwa ya ng'ombe acha leo. Tumbo la paka wengi likishaachishwa ziwa halisagi sukari ya maziwa, ndiyo maana Furu anaharisha. Maji safi tu, kwenye sahani pana, yabadilishwe asubuhi na jioni. Kama kuharisha hakukomi baada ya siku moja, au akilegea, mtafute daktari wa mifugo. Kiumbe wa uzito ule anakauka maji haraka sana.

La tatu linanitisha kuliko yote. Umesema una panya na una stoo. Je, umewahi kutega sumu humo? Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyekula anaishi siku kadhaa akitembea kilegelege, ndiye anayekamatwa kirahisi na paka. Paka naye anavuja damu ndani kwa ndani. Kama ipo, itoe yote, fagia, pekua nyuma ya kila gunia.

Wewe una mizani ya dagaa. Wapime kila Jumapili, uandike. Umri huo mwenye afya huwa na gramu 700 hadi 950 hivi, na anatakiwa aongeze kama gramu 100 kila wiki. Asiyeongezeka uzito anakuambia jambo kabla dalili nyingine hazijatokea. Ukiwa umemshika, mfunue mdomo utazame fizi. Ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, viroboto au minyoo wanamnyonya damu, na mtoto wa paka anaweza kufa kwa viroboto.

Dawa ya minyoo wapewe sasa, irudiwe baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi mpaka wafike miezi sita. Nunua ya paka, kwa uzito, usikate kidonge cha mbuzi kwa macho. Viroboto waogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, uwachane kwa kitana cha meno madogo, uwakaushe vizuri. Na hapa nawasihi wote wanaosoma: dawa za kuogeshea mbwa na ng'ombe msimpake paka. Zenye kemikali ya permethrini zinamtetemesha mpaka anakufa. Nimeletewa wengi wa namna hiyo, na wenye nao walikuwa watu wema waliotaka kusaidia. Vivyo hivyo parasetamoli, hata robo ya kidonge ni sumu kwake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa watapata wakifika miezi mitatu, kwa hesabu yako ni mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako kama kuna uchanjaji karibu na siku hiyo na kama umri wao utakubalika.

Mvuka Maji wa Sengerema
Jumatatu, saa 7 mchana

Mimi naongezea kuhusu hayo mawe yako dada, maana nina kidonda.

Tulipohama kutoka Mwanza kwenda Sengerema, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, tulivuka na paka wetu kwa kivuko. Alikuwa kwenye tenga, juu nimefunika khanga. Ile honi ilipolia alijikojolea. Tulipofika nikamfungia ndani siku moja tu, kesho yake analia mlangoni, mke wangu akasema mwachie ajinyooshe miguu. Alitoka, akasimama uani, akanusa hewa, akaenda. Hakukimbia, alitembea tu kama anayejua anakokwenda. Wiki nzima nilitembea jioni na kopo la dagaa nikilitikisa. Kuna mtu aliniambia alimwona paka wa aina ile karibu na maji, ameketi. Sijui kama ni yeye. Nikivuka juu ya lile daraja sasa hivi dakika chache tu, bado namkumbuka.

Kwa hiyo wiki tatu ndani, dada. Hata wakilia. Paka mkubwa mwezi mzima. Na hao wadogo, usiwatoe nje peke yao kabisa kabla hawajawa wakubwa. Kwenye mawe yenu kuna mashimo ya pimbi, kuna nyoka anayefuata mijusi, na juu kuna mwewe. Mwewe anayebeba kifaranga anaweza kumvamia hata paka mdogo.

MamaDagaa wa Bugarika
Jumatano, saa 2 usiku

Asanteni sana, sana. Niruhusuni niwape marejesho.

Mtoto nilimpeleka Jumatatu hiyo hiyo. Wamemwona, wameanza chanjo, amelia kidogo akapewa biskuti yakaisha. Mzee wangu wa mifugo, ulivyouliza habari ya sumu nilikaa chini. Ilikuwepo. Niliiweka mwezi wa saba, punje za buluu, nyuma ya magunia ya ukutani, nikaisahau. Nilipoisogeza mizigo nikakuta kisahani kimeliwa nusu, na kando yake panya mmoja aliyekauka. Nimefagia mara tatu, nimedeki kwa sabuni, vyote nimevifunga kwenye mfuko na kuufukia mbali na nyumba. Mlango wa stoo sasa unafungwa kwa komeo. Nikiwaza kwamba nilitaka kuwaweka humo usiku wa kwanza ili wakamate panya, mwili unasisimka.

Bibi, Mkaa aliingia chumbani usiku ule ule. Sikumwona. Nilisikia tu kucha zake kwenye saruji, tik tik tik, halafu kimya, halafu Furu akaacha kulia. Nikasukuma mlango kwa mguu kutoka kitandani. Nilifurahi nikashindwa kulala tena.

Mchanga wa dumu wameuelewa siku ya pili. Gunia halijaguswa. Furu nimempima kwa mizani, gramu 780. Fizi za Furu nzuri. Za Mkaa sijaziona, sijamshika bado, yuko nyuma ya boksi, siyo ndani. Anakula nikitoka.

Sasa nina mawili. Wanakula dagaa tu. Nikichanganya na ugali wanatoa dagaa mmoja mmoja wanaacha ugali. Je, dagaa peke yake inatosha? Na la pili, mama mwenye nyumba kamwona Mkaa dirishani. Amesema paka mweusi hamtaki kwenye uwanja wake, ataleta mambo. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Sijamjibu, ni mtu mzima, namheshimu, na kodi yangu haijawahi kuchelewa. Lakini nitamtoa Mkaa nimpeleke wapi?

Muuza Samaki Kirumba
Jumatano, saa 3 usiku

Dagaa ni chakula kizuri mama, usiwe na wasiwasi, tena wana bahati hao. Ila chemsha. Dagaa wa kuanika chini wana mchanga, waloweke, uwasuuze mara mbili tatu, uchemshe bila chumvi na bila kitunguu, supu yake uwape pia. Mimi hapa mwaloni paka wangu nawapa mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki wakishatoa minofu viwandani. Nachemsha mpaka yanalainika, wanakula na kunenepa.

Mstaafu wa Mifugo
Jumatano, saa 4 usiku

Naungana na ndugu wa Kirumba kwenye kuchemsha. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, moto unakimaliza. Kwenye mapanki natofautiana naye kwa watoto wa paka. Dagaa ana mifupa laini inayotafunika, na hiyo ni faida kwa mifupa yao inayokua. Mfupa wa sangara ni mwingine, nimewahi kuutoa kooni mwa paka kwa koleo. Mkwangulie nyama iliyoshikilia kwenye mapanki, mfupa utupe.

Samaki pekee mwaka mzima haitoshi. Paka ni mla nyama wa kweli, anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, akikikosa anaharibika macho na moyo. Mara tatu kwa wiki wape moyo wa kuku, filigisi, ini kidogo tu, yai lililochemshwa. Ukienda buchani omba vipande vya moyo wa ng'ombe, bei yake ni nafuu. Ugali wanaoukataa usiwalazimishe. Kidogo kidogo mara nne kwa siku, tumbo lao ni dogo kama yai la kuku.

Na kama kuna mjamzito kwenye uwanja wenu, asiguse lile dumu la mchanga. Ukilisafisha kila siku unakuwa umekata sehemu kubwa ya hatari, maana mayai ya kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni huhitaji siku moja au zaidi ndiyo yaweze kuambukiza.

Bibi wa Nyegezi
Alhamisi, saa 12 asubuhi

Mwanangu, usigombane na mama mwenye nyumba, na usimdharau. Mimi nimekulia Usukumani, najua anachokiogopa, bibi yangu alikiogopa pia. Aliyeambiwa jambo hilo tangu akiwa mgongoni hawezi kulitoa kwa kuchekwa. Nenda kwake jioni na kibakuli cha dagaa safi, salimia vizuri, kaa. Muulize panya kwake wako wapi. Kwenye uwanja wa wapangaji panya hana mpaka, anayekula dagaa wako usiku anatoboa mchele wake pia. Halafu mwambie amtazame Mkaa, lakini akiwa mikononi mwako, ametulia, siyo macho mawili dirishani. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kumzoesha kabla ya mwisho wa mwezi. Watu wengi huogopa paka mweusi anayekimbia. Aliyelala mapajani ni paka tu.

Na huyo Mkaa wa nyuma ya boksi, unakaa chini kila jioni kama nilivyosema?

MamaDagaa wa Bugarika
Alhamisi, saa 3 usiku

Bibi, nakiri, nilikuwa nakaa dakika tano halafu nanyoosha mkono kumgusa. Nimeanza upya leo.

MamaDagaa wa Bugarika
Jumanne, wiki mbili na siku tatu baada ya kuwaleta, saa 4 usiku

Nimekuja kuwaambia.

Tangu Alhamisi ile kila jioni saa moja naingia chumbani na ungo, nakaa sakafuni mgongo ukutani, nachambua dagaa wa kuuza kesho. Natoa vijiwe, vikonokono, vichwa vilivyokatika. Sitazami boksi. Watoto nimewapa sheria, anayetaka kuingia akae chini na asiseme, na kitinda mimba wangu, nilidhani atashindwa, ndiye anayeweza kuliko wote. Anakaa na daftari lake la shule ya awali anachora.

Siku ya kwanza Mkaa alionyesha pua. Ya pili akatoka mpaka usawa wa mguu wa kitanda. Ya tatu mvua ilinyesha, ile ya kwanza, kwenye bati letu lisilo na dari, mnajua kishindo chake. Akarudi nyuma ya boksi, nikadhani tumeanza sifuri. Nilitaka kwenda kumbembeleza nikajizuia, nikaendelea na ungo wangu huku bati linapiga ngoma.

Jana nilikuwa nimeshachambua nusu. Nikahisi kitu kwenye kisigino. Baridi, unyevu, kama ncha ya kidole kilichochovywa maji. Ilikuwa pua yake. Akanusa kisigino, akanusa kifundo cha mguu, akapita chini ya goti langu. Sikupumua. Akaweka mguu mmoja wa mbele kwenye ukingo wa ungo, ule mguu mweusi mdogo, vidole vimetanuka. Ungo ukainama kidogo, dagaa wakatelemka upande wake. Akashtuka, akasubiri. Nikafumba macho polepole, nikafumbua. Akachukua dagaa mmoja. Nilitarajia atakimbia naye, hakukimbia. Alimla pale pale, kichwa kwanza, kakigeuza upande kama wanavyofanya, natazama masharubu yake yanavyocheza. Halafu akajilaza ubavu, mgongo wake ukaegemea mguu wangu, na nikahisi ule mtetemo. Kwanza nilidhani ni simu. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, anaunguruma." Niliacha dagaa wa kuuza nikakaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Leo ameniruhusu kumfunua mdomo. Fizi ni za waridi. Nimempima, gramu 860, na Furu amefika 1,000 kamili. Dawa ya minyoo walipewa ile wiki ya kwanza, daktari alichanganya kwenye supu ya dagaa, Mkaa wala hakushtuka. Ya pili wamepata leo hii hii.

Mama mwenye nyumba nilimfuata Jumapili kabla ya hayo, bila paka, na bakuli la dagaa kama Bibi ulivyoniagiza. Tuliongea sana juu ya panya, kumbe wamemlia kitenge cha harusi ya binti yake. Kuhusu Mkaa alinyamaza. Leo jioni amepita mlangoni, Mkaa alikuwa mapajani kwangu. Akasimama. Akauliza, "Ndiye huyo?" Nikasema ndiye, shikamoo mama. Akamtazama kwa muda. Akasema, "Ana macho ya kijani." Akaondoka. Sijui jibu ni lipi, lakini hajataja tena mwisho wa mwezi, na Furu kampelekea salamu kwa kulala kwenye ndara zake.

Mvuka Maji, bado wako ndani. Dirisha la chumba nimelipigilia wavu wa kuku. Jioni wanakaa wote wawili pale wanatazama ile mijusi yenye vichwa vyekundu inavyoota jua la mwisho juu ya mawe, wanatoa vile vilio vidogo vya kukatakata meno. Pole sana kwa paka wako. Mwanangu mkubwa kasoma ulichoandika akaenda kukagua wavu mara ya pili.

Mstaafu, nimeulizia, wameniambia nirudi mwezi wa kumi wakitimiza miezi mitatu. Na kwa kuwa Furu ni dume na Mkaa ni jike, nimeuliza pia habari ya kumfunga kizazi. Daktari kasema tusichelewe, maana jike anaweza kushika mimba hata akiwa na miezi minne, tumpange mwezi wa kumi na moja. Nimeanza kuweka akiba kwenye kopo.

Jumamosi naenda Igombe. Nitamwonyesha yule mama picha, na nitachota mchanga mwingine, ndoo imebaki robo.